Babu Alifia Wapi?

Cherehani ya Sindano ilikuwa haina raha siku hiyo. Mguu unakanyaga, unasimama. Unakanyaga, unasimama. Mkono mmoja uko kwenye kitambaa, mwingine uko kwenye simu. Jina la Sindano alipewa na majirani, kwa wembamba wake na kwa kutotulia. Sasa hivi yuko hapa, ukigeuka tu keshatokea upande wa pili.

Ujumbe uliingia asubuhi. Ulitoka kwa mama mkubwa, dada wa mama yake, anayekaa mji wa viwanda. "Mwanangu, Ijumaa nakuja. Wiki ijayo napasuliwa. Nataka kwanza nimuone mdogo wangu. Kisu hakina rafiki."

Sindano alimsomea mama yake. Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele.

"Aje tu," mama alisema. "Akiingia mlango huu, mimi natokea wa nyuma."

"Mama, nyumba yetu haina mlango wa nyuma."

"Basi nitatokea dirishani!"

Sindano angecheka, ila habari hiyo aliijua. Dada hawa wawili hawajasemeshana zaidi ya miaka thelathini. Babu, baba yao, alikwenda kumtembelea mkubwa. Akaugua hukohuko. Akarudi ndani ya jeneza. Siku ya mazishi mtu mmoja akanong'ona, "Mzee kafia kitandani kwa bintiye. Hata hospitali hakupelekwa." Mama akalisikia neno hilo. Likamkaa kama mwiba wa samaki kooni.

"Lakini mama mkubwa anasema alimpeleka," Sindano alijaribu.

"Kusema ni kusema. Mimi nioneshe karatasi."

Haya. Karatasi. Na hiyo ilikuwa Jumanne.

Sindano akaziacha suruali za watu mezani, akatoka mbio mpaka ofisi ya usajili ya wilaya yao. Kwenye simu alikuwa na picha ya kaburi la babu. Tarehe inasomeka vizuri, imechorwa kwenye saruji. Karani akafungua kitabu cha vifo cha mwaka ule. Akapekua mwezi kwa mwezi.

"Hayumo, dada."

"Angalia tena, kaka yangu."

"Nimeangalia mara mbili. Hayumo."

Aliporudi nyumbani, mama alimsoma usoni kabla hajafungua mdomo.

"Hayumo, eti? Umeona sasa! Angefia hospitali angeandikwa."

Sindano alikwenda kuzima moto, kumbe kaumwagia mafuta. Ameanzisha yeye mwenyewe! Alikaa kwenye cherehani, akainuka. Akakaa, akainuka.

"Unacheza mchezo gani?" sauti iliuliza mlangoni.

Alikuwa Bwana Mihuri, jirani wa nyumba ya tatu. Alifanya kazi ofisi ya usajili mpaka akastaafu, ndiyo maana watu wakamwita hivyo. Alikuja kuchukua suruali yake.

"Shikamoo, mzee. Suruali haijaisha."

"Marahaba. Hiyo naiona. Nauliza kisichoonekana."

Sindano akammwagia yote. Bwana Mihuri akavuta kigoda.

"Umekwenda ofisi ya wapi?"

"Hapahapa kwetu. Si ndiko alikozikwa?"

"Ahaa! Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kifo hakiandikwi kwa kufuata kaburi. Kinaandikwa kwenye wilaya ambako mtu alifia. Babu yako alifia wapi?"

"Mji wa viwanda."

"Basi kitabu chake kiko mji wa viwanda. Huku ungetafuta mpaka mvi zikuote." Akanyoosha vidole viwili. "La pili. Uliuliza jina gani?"

"Babu Kofia. Na jina la baba yake."

Bwana Mihuri alicheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu! Serikali haina Babu Kofia. Hospitali wanaandika jina la kwenye kitambulisho. Tafuta karatasi yake yoyote ya zamani. Kadi ya kazi, cheti, chochote."

"Sawa. Na mwaka ninao. Huu hapa, kwenye picha."

Mzee aliisogeza simu mbali, akaisogeza karibu. "Kaburi hili limejengewa. Lilijengewa na nani?"

"Mwashi wa barabara ya juu. Bado yupo."

"Mpigie. Usiliamini kaburi kabla hujamuuliza fundi wake."

Sindano akapiga hapohapo. Mwashi alikuwa mzee sasa, lakini sauti yake bado ilikuwa kama nyundo.

"Kaburi la Babu Kofia? Nalikumbuka! Lina ufa?"

"Halina, mzee. Nauliza ile tarehe. Ndiyo siku aliyokufa?"

"Siku aliyokufa mimi ningeijulia wapi? Hiyo ni siku niliyomaliza kazi! Fundi anaandika tarehe ya kazi yake."

Sindano alikodoa macho. "Sasa alikufa lini?"

"Ngoja. Tulingoja udongo utulie. Udongo ukatulia, saruji ikakosekana. Mpaka ipatikane... kama miaka miwili hivi."

Simu ilipokatika, Sindano na Bwana Mihuri walitazamana. Wilaya siyo. Jina siyo. Mwaka siyo.

"Na familia nzima tunaamini kaburi!" Sindano alisema.

"Kumbukumbu za watu zinateleza," mzee alijibu. "Ndiyo maana ukitafuta, usishike mwaka mmoja. Omba wakuangalizie mitatu minne nyuma, na mitatu minne mbele. Chukua kitambulisho chako. Chukua na cheti chako cha kuzaliwa na cha mama yako, waone wewe ni damu yake. Halafu nenda dirishani mwenyewe. Ukikutana na mtu mlangoni anasema atakufanyia haraka, mwambie asante, pita."

"Na nikikosa tena?"

"Unakwenda hospitali, unaomba kitabu cha waliolazwa. Karatasi haifi haraka kama sisi. Ila suruali yangu nitaikuta?"

"Jumamosi, mzee. Naapa."

Jumatano ilikuwa ya vita vya kopo. Mama alikuwa na kopo la bati chini ya kitanda, na ndani yake kadi ya kiwanda ya babu. Vyeti alivitoa bila neno. Kadi hakutaka kuitoa.

"Unamtetea mama yako mkubwa."

"Simtetei mtu. Umesema karatasi. Nakwenda kuitafuta karatasi. Nikikuta alifia nyumbani, nitakuja kukwambia hivyohivyo. Je, ikija kinyume, utaipokea?"

Mama alikuwa na ungo wa mchele mapajani. Mchele ulishaisha kuchambuliwa, lakini vidole bado vilikuwa vinatafuta mawe. Halafu akasukuma kopo kwa mguu.

Alhamisi, kabla ofisi haijafunguliwa, Sindano alikuwa ameshasimama mlangoni mji wa viwanda. Alijaza fomu. Akaandika jina la kwenye kadi. Akaandika miaka mitano badala ya mmoja. Karani alikuwa mama mmoja mwenye kofia ya mpira kidoleni, ya kupekulia karatasi. Kitabu alichokileta kilikuwa kikubwa kama ubao wa kukatia kitambaa.

Mwaka wa kaburini, hayumo. Mwaka uliotangulia, hayumo. Sindano alitembea kutoka ukuta hadi ukuta.

"Dada, utatuchimbia sakafu," mlinzi alimwambia. "Kaa."

"Nikikaa nitapasuka."

Karani akafungua mwaka wa tatu. Kidole kikashuka, kikashuka. Kikasimama.

"Jina hili hapa. Ni huyu?"

Sindano alisoma mstari mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Akausoma tena. Halafu, mwenyewe bila kuambiwa, akakaa.

"Naweza kupiga picha?"

"Simu weka mfukoni. Nakupa nakala ya ukurasa, na muhuri juu yake. Hiyo hakuna atakayeibishia. Rudi saa tisa."

Ijumaa asubuhi mama aliiweka karatasi mapajani. Alikataa kusomewa. Alisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya kila neno.

"Mahali pa kifo. Hospitali kuu. Wodi ya wanaume." Akasogeza kidole. "Sababu. Homa ya mapafu. Aliyetoa taarifa. Binti wa marehemu."

Kidole kikafika kwenye sahihi. Hakikuondoka.

"Mkono wa dada huu," alisema. "Naujua. Ndiye aliyenifundisha kuandika."

Sindano alikuwa kwenye cherehani. Kwa mara ya kwanza wiki nzima, mguu wake ulitulia.

"Hodi wenyewe."

Mama mkubwa alikuwa kizingitini, kashika mkoba kwa mikono miwili. Sindano aliangalia dirisha. Mama hakuliangalia kabisa. Aliinuka, karatasi mkononi.

Mama mkubwa akauona muhuri. Akaelewa. "Mdogo wangu, unanipokea kwa karatasi au kwa moyo?"

"Kwa aibu," mama alisema. "Uliniambia, nikaziba masikio. Nilimsikiliza mtu ambaye hata jina lake silikumbuki. Nisamehe, dada. Lete mkoba. Pita ndani."

Wakalia. Halafu wakagombana kidogo nani alikuwa kipenzi cha baba. Halafu wakacheka.

Wiki iliyofuata, mama mkubwa alipofumbua macho baada ya kupasuliwa, alimkuta mdogo wake kwenye kiti, kasinzia, kamshika kidole kama mtoto. Kisu kilikuwa kimefanya kazi yake vizuri. Suruali ya Bwana Mihuri nayo iliisha, ila ilikuwa Jumatatu.

Ikabaki kazi moja. Mama mwenyewe aliichukua simu ya Sindano, akampigia mwashi.

"Njoo na saruji. Tunarekebisha tarehe ya baba. Na safari hii andika ninayokupa mimi, ya kwenye karatasi."

"Na tarehe ya kazi yangu niiandike wapi?"

Mama akamtazama dada yake. Wote wawili walikuwa wamebana vicheko.

"Iandike kwa nyuma," mama alisema, "tusije tukakosana miaka mingine thelathini."