Maji ya Tangi Yanakwenda Wapi?

Huku kwetu kilimani, juu ya jiji la Tegucigalpa, maji ya mtaa huja Jumanne na Ijumaa. Siku hizo kila mtu hujaza ndoo, pipa, hata sufuria.

Eliseo, mwoka mikate, alichoka na ndoo. Juu ya paa lake kulikuwa na tangi lililokuwa likijazwa na gari la maji. Bomba kuukuu lilishuka kutoka tangini hadi jikoni na bafuni. Bomba jipya la mtaa lilipofika mlangoni, Eliseo aliliunganisha na lile kuukuu. Hakuita fundi.

"Bomba ni bomba," alisema. Haya basi.

Jumanne maji yalipanda yenyewe hadi tangini. Mama yake, Tránsito, alicheza jikoni na ufagio wake. Jumatano asubuhi, tangi tupu.

"Mama, jana ulifua nini?"

"Sikufua kitu."

"Ulioga mara ngapi?"

"We Eliseo! Mimi samaki?"

Eliseo alitafuta ufa kwenye tangi, hakuuona. Akapapasa kuta, zilikuwa kavu. Akatia kufuli kwenye mfuniko. Ijumaa tangi likajaa. Jumamosi likawa tupu, na kufuli lipo palepale! Mwizi gani huyu asiyefungua mfuniko? Akabaki anamshuku mama yake, aliyeshinda nyumbani peke yake.

Kila jioni alimwuliza maswali yaleyale. Mama wa watu akaanza kunawa uso kwa kikombe kimoja cha maji. Iliuma sana. Mwishowe alifunga nguo zake kwenye shuka.

"Naenda kwa dada yangu, kule mjini Choluteca," alisema. "Huko nikioga sihesabiwi."

Mara akaingia Encarnación, jirani wa nyumba ya chini, na sahani ya tamale, vile vitumbua vya mahindi vya kufungwa kwa majani.

"Shoga, tumshukuru Bikira Maria! Mtaa mzima mkavu, koki yangu inatoa maji! Kila Jumatano, na Jumamosi pia!"

Tránsito alimkodolea macho. Jumatano na Jumamosi? Siku zilezile tangi linapokauka? Hakuelewa, lakini aliliacha furushi na kumwita Yadira wa kamati ya maji.

Yadira alikagua bomba. "Nani kaunganisha hapa?"

"Mimi," alisema Eliseo.

"Mtaa ukiwa na maji, nguvu yake huyapandisha hadi tangini. Mtaa ukikauka, nini kinayazuia yasirudi?"

Eliseo alijikuna kichwa. "Mfuniko una kufuli."

Yadira alicheka. "Umefunga juu, chini umeacha wazi! Maji yako yanarudi mtaani, yanamfikia jirani. Na tangi likiwa chafu, unawanywesha wenzako uchafu."

"Kwa hiyo si mama?"

"Mama yako anahusikaje?"

Eliseo alikwenda kuleta spana.

Walifunga koki ya mtaa. Wakakata bomba jipya, kabla halijakutana na lile kuukuu. Hapo wakaweka vali ya njia moja, inayoruhusu maji kuingia na kuyazuia yasirudi.

"Angalia mshale huu," alisema Yadira. "Uelekee nyumbani. Ukiugeuza, hupati hata tone."

Walizungushia viungo tepu nyeupe, wakakaza. Maji ya mtaa yaliporudi Jumanne, waliyaacha ya kwanza yamwagike, kisha wakapapasa kila kiungo. Hakuna kilichovuja.

Jumatano Eliseo alipanda juu ya paa. Tangi lilikuwa limejaa! Encarnación alikuja na ndoo, akilalamika kwamba koki yake imekauka. Walimjazia, wakamweleza. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Tránsito aliingia bafuni, akafungua maji yote. Eliseo alisimama nje ya mlango, ameshika taulo.

"Mama, nilikukosea. Nisamehe."

"Unasemaje? Maji yana kelele!"

"Nisamehe, mama!"

"Sikusikii, mwanangu!"

Eliseo alipaza sauti. Mtaa mzima ulisikia.