Safari ya Mama Mkwe Si ya Saa Moja

Katika nyumba ya fundi saa hakuna aliyebishana naye kuhusu muda. Saa za wateja zilijaa ukutani, na zote zilikwenda sawasawa. Basi jioni ile aliposoma tiketi ya mama mkwe wake, neno lake likawa sheria.

"Ndege inaondoka saa nne asubuhi, inatua saa tano asubuhi," alisema. "Safari ya saa moja. Mama, utafika hata hujasinzia!"

Mama mkwe alicheka. Kesho yake alikuwa anakwenda kumwona mjukuu mchanga, mtoto wa binti yake mdogo. Hakuwahi kupanda ndege. Alikuwa na kisukari, na kila siku saa saba mchana alijichoma sindano, kisha akala.

"Dawa zitie sandukuni, mama," mke wa fundi alisema. "Utajichoma ukifika kwa mdogo wangu."

Sanduku likafungwa. Mara jirani yao, mhudumu wa ndege, akaingia kumuaga mama. Alipoiona tiketi akashtuka.

"Shemeji, nani kasema saa moja? Hii ni safari ya saa nne!"

Fundi akaja juu. "Nne mpaka tano ni ngapi? Saa ndiyo kazi yangu mimi!"

"Kutoka uwanja huu hadi ule ni kama kilomita elfu tatu na mia mbili. Ndege hii huenda kama kilomita mia nane kwa saa. Haya, gawanya."

Fundi akagawanya kichwani. Akanywea.

"Sasa tiketi inadanganya?"

"Haidanganyi. Saa ya kuondoka ni ya hapa, saa ya kutua ni ya kule. Jua hutuchomozea sisi kwanza, wao baadaye. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Mama akitua, kule ni saa tano asubuhi. Hapa ni saa nane mchana."

Mke wa fundi alijishika mdomo. "Saa nane! Na sindano ya saa saba?"

"Atakuwa bado angani. Dawa ziko wapi?"

Wote walilitazama sanduku.

"Mungu wangu! Lifungueni! Sanduku husafiri chini, kwenye mizigo. Hawezi kulifikia, na baridi ya huko inaweza kuharibu dawa. Dawa na chakula viwe kwenye mkoba wake. Halafu mpigieni daktari wake sasa hivi. Ndiye wa kusema ajichome saa ngapi."

Fundi alilifungua mwenyewe. "Ningemuua mama wa watu kwa ujuaji wangu," alisema, na machozi yakamlengalenga.

Daktari aliagiza mama asibadilishe saa yake ya mkononi njiani. Ikifika saa saba, na chakula kiko mbele yake, ajichome. Asubuhi akawapa pia barua ya kuonyesha uwanjani, kwamba sindano zile ni za mgonjwa.

Siku hiyo saa tisa mchana simu ililia.

"Nimefika, wanangu! Nimejichoma, nimekula, mzima kabisa. Mkwe wangu wa huku kanipokea."

"Alhamdulillahi, mama!" fundi alipiga kelele. "Haya, nendeni nyumbani ukambebe mjukuu."

"Tunahangaika na sanduku kwanza. Halijaja. Wanasema limebaki huko kwenu, labda litafika keshokutwa."

Fundi aliketi sakafuni, simu sikioni. Mama aliita, "Haloo? Haloo?" "Keshokutwa!" alimnong'oneza mkewe. "Na dawa zingekuwa humo."