Vimulimuli Kwenye Kona ya Shihrab

Asubuhi ilianza kama asubuhi nyingine yoyote. Jua lilikuwa limeshapiga matuta ya kahawa, na Ghamdan, jirani yetu, alikuwa amechutama uani akifunga taa kwenye pikipiki yake. Zilikuwa zile taa ndogo ndogo za LED zinazouzwa zimenata kwenye utepe kama shanga. Alizipanga kulia na kushoto kwenye vyuma vya kukinga miguu, nyingine akazibandika nyuma chini ya kibao cha namba. Akapitisha waya chini ya kiti mpaka kwenye betri, akaweka fyuzi, akabonyeza swichi. Zikamulika haraka mara mbili, zikatulia, kisha zikawaka kwa kitambo. Mtindo huo aliuchagua mwenyewe, ili dereva yeyote akiuona ajue ni yeye.

Hayakuwa mapambo. Huku kwetu Raima, milimani, ukungu ukipanda kutoka bondeni alasiri, mtu haoni mkono wake mwenyewe. Siku si nyingi kabla, gari la mitungi ya gesi lilimbana Ghamdan ukutani likamchuna goti, na dereva ndiye aliyekuwa mkali: "Sikukuona! Ningekuonaje?"

"Ndiyo nini hiyo?" Mama mkwe wake, Takiya, alikuwa amesimama mlangoni na kapu lake. "Pikipiki imevaa vito, na mwanangu humo ndani anatembea na shuka lililotoboka."

"Ni za kuonekana, mama. Magari yatuone."

"Wewe uonekane una nini?"

Takiya hakuwahi kumtaka mkwe huyu. Alimtaka Dirham, mtoto wa kaka yake, ambaye naye alikuwa dereva wa pikipiki. Binti yake akamkataa Dirham mbele za watu, akaolewa na Ghamdan, na tangu siku hiyo shangazi na mpwa wakawa na adui mmoja. Lakini Takiya alikuwa na maradhi ya presha, dawa ziko mjini chini ya mlima, na wa kumshusha ni mkwe huyo huyo. Alipopanda nyuma, kapu lake likagonga utepe wa kushoto. Taa moja ya katikati ikafa.

"Umeshavunja," Ghamdan alisema.

"Zingevunjika zote ningefurahi."

Walishuka hivyo hivyo.

Adhuhuri ilipopita, dawa zikiwa kapuni, walimkuta Dirham kwenye kibanda cha chai pale barabara inapoanza kupanda. Shavu lake lilikuwa limevimba kwa mirungi.

"Shangazi! Arusi inaelekea wapi?" alipaza sauti, na wenzake wakaangua kicheko. "Au bwana arusi anaogopa kiza?"

"Cheka," Ghamdan alisema. "Siku gari likikubana utaninunulia chai nikufundishe kuzifunga."

"Mimi? Nitafunga zangu, zako zionekane kama kibatari." Dirham alitema majani, akapiga teke pikipiki yake ikanguruma. "Natangulia. Nikifika juu nitamsalimia mkeo."

Akaondoka kwa vumbi. Ghamdan alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Mgongoni kwake alimsikia Takiya akicheka kidogo, kwa pua.

Ukungu uliwapokea karibu na kona ya Shihrab. Ulikuja kama kawaida yake, kwanza nyuzi nyuzi, halafu ukuta. Ghamdan akawasha vimulimuli vyake. Ukungu ukawa mwekundu mara mbili, ukatulia, ukawa mwekundu tena kwa kitambo. Akapunguza mwendo. Upande wa kulia palikuwa na mwamba. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu.

Ndipo akaona taa mbele.

Zilimulika haraka mara mbili. Zikatulia. Zikawaka kwa kitambo.

"Mwanaharamu," Ghamdan alisema. "Ameshazifunga. Alizificha akanicheka."

"Nani?"

"Mpwa wako!"

Akapiga honi. Zile taa hazikusogea kando. Zilikuwa zikienda polepole, katikati ya njia, zikimulika pamoja na zake, hazipishani hata kidogo. Akaongeza moto. Nazo zikaongeza. Akapunguza. Zikapunguza. Hasira ikamziba macho kuliko ukungu wenyewe. Akamwazia Dirham ameketi mbele kule, shavu limevimba, anatabasamu.

"Simama, mshenzi wewe!"

Akavuta mafuta. Barabara ikaanza kurukaruka chini yao. Mawe. Tena mawe makubwa zaidi.

Mikono ya Takiya, ambayo tangu asubuhi ilikuwa imeshika chuma cha nyuma ili isimguse mkwe, ikamkamata kiunoni.

"Ghamdan." Alinong'ona. Hakuwahi kumwita kwa jina lake. "Yule hana injini."

Ghamdan akasikiliza. Injini iliyolia ilikuwa yake, moja tu.

"Na utazame kushoto," Takiya alisema.

Akatazama. Kwenye safu ya kushoto ya zile taa, katikati, palikuwa na pengo. Taa moja imekufa.

Alikanyaga breki kwa uzito wake wote. Pikipiki ikaserereka, ikapinda, ikasimama. Mbele ya gurudumu jiwe moja likabingirika. Hawakulisikia likianguka. Wakangoja. Hawakulisikia.

Taa zile zilikuwa zimesimama pia. Zilikuwa mbele yao, urefu wa chumba, mahali ambapo hapakuwa na barabara, wala mwamba, wala ardhi.

Ghamdan akazima zake.

Zile hazikuzima. Zilimulika mara mbili. Zikatulia. Zikawaka. Zikabaki kuwaka, kama mtu aliyekaza macho.

"Usiseme kitu," Takiya alinong'ona. "Usiitike. Rudi nyuma."

Alirudi kinyumenyume akisukuma kwa miguu, kwapa zimelowa, mama mkwe akisoma Ayatul Kursiyu masikioni mwake kwa sauti inayokatikakatika. Walipohisi lami, Ghamdan aligeuza, akashuka mlima katika gizagiza lile la ukungu bila taa hata moja.

Kwenye kibanda cha chai, Dirham alikuwa amekaa kwenye mchanga. Pikipiki yake ilikuwa imepinduliwa, gurudumu la mbele limefunguliwa, fundi anaziba pancha. Alipitia nyuma ya kibanda kuchukua mzigo, pancha ikamkuta huko; hakuwa amefika hata kona ya kwanza.

"Mbona mmerudi?" aliuliza. "Vito vimeanguka?"

Ghamdan akateremka kwenye pikipiki. Kisha akachukua plasi ya fundi, akachutama, akakata waya zote, akang'oa tepe na kuzitupa kwenye moto wa mwenye chai. Plasi ilimkata kidole, asijali.

Takiya ndiye aliyesema. Alimvuta mpwa wake pembeni, akamshika ndevu kwa kumsihi. "Dirham, mwana wa kaka yangu. Usifunge taa hizo. Kule juu kuna kinachoziona."

"Amekutisha huyo."

"Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona ukungu, shangazi. Na siku hizi umempenda mkweo?"

"Simpendi!" Takiya alifoka. "Lakini leo angekuwa maiti, nami pia. Nisikilize!"

Dirham akajinasua mkononi mwake. Wenzake walikuwa wanatazama, na Dirham hakuwa mtu wa kuonekana ametishwa na mwanamke mzee mbele ya watu. Kabla ya Ijumaa alikuwa amefunga za kwake. Mbele, nyuma, ubavuni, hata kwenye tairi. Alizipanga kwa mtindo ule ule wa Ghamdan, makusudi, ili amuudhi.

Siku ya ukungu uliofuata Ghamdan alikuwa pale pale kibandani, hana abiria. Dirham alishusha mzigo wake wa mwisho, akawasha vimulimuli, akampita karibu hadi akamrushia tope.

"Nikikutana nacho, nitakipa salamu zako!" alisema.

"Zima, Dirham," Ghamdan alisema. "Nakuomba. Nitukane uwezavyo, lakini zima."

"Haya, mama arusi!"

Akapanda. Ghamdan alisimama akimtazama akiingia ukunguni, taa za nyuma zikimulika mara mbili, zikitulia, zikiwaka. Zikawa ndogo. Zikafifia.

Kisha nyuma ya Dirham, karibu sana naye, zikawaka nyingine.

Watu waliokuwepo wanasema hawajawahi kumsikia Ghamdan akipiga kelele kama siku ile. Alimwita Dirham kwa jina lake, jina la baba yake, jina la babu yake. Akaruka juu ya pikipiki yake isiyo na taa akapanda mlima kwa kasi ya wazimu, yeye ambaye angekuwa na haki ya kukaa akanywa chai. Alifika Shihrab. Alizima injini. Akasikiliza.

Hakuna honi. Hakuna injini. Hata kunguru.

Wanaume wa kibandani walimfuata, wakatafuta mpaka kiza kikawafukuza. Alfajiri, ukungu ulipoondoka, mwanamke anayechuma kahawa akaita kutoka mashambani, chini kabisa ya kona, kwenye tuta ambalo halina njia ila ngazi nyembamba za mawe za kupita mtu mmoja. Wanaume wakashuka kwa kamba. Ghamdan alikuwa wa kwanza. Takiya aliteremshwa baadaye. Aligoma kubaki juu.

Pikipiki ya Dirham ilikuwa imesimama kwenye stendi yake. Haikuwa na mkwaruzo. Miche ya kahawa pembeni haikuvunjika hata tawi, na udongo uliolimwa jana yake ulikuwa laini kote kuizunguka, hauna alama ya tairi wala ya mguu. Ufunguo ulikuwa mahali pake. Dirham hakuwepo, na mpaka leo hakuna aliyemwona, si mzima, si mfu.

Ghamdan alipitisha mkono kwenye kiti cha dereva. Kilikuwa kimelowa umande, baridi kama jiwe la kisima.

Takiya hakulia. Alisogea akaweka kiganja chake kwenye kiti cha nyuma, pale anapokaa abiria. Dirham alikuwa ameondoka peke yake. Kibanda kizima kilimwona.

Akaunyakua mkono haraka, akaufunika ndani ya shuka lake.

"Kikavu," alinong'ona. "Na kina joto."