Mdhamini wa Mkopo wa Chuo

Lifti zote mbili ziligoma asubuhi, saa ile ambayo kila mtu ana haraka na hakuna anayemwomba mwenzake radhi kwa kumkanyaga. Ukumbi wa chini ulijaa watu na manung'uniko. Mkadiriaji majenzi mmoja, mwanamke aliyevaa gauni la kijani lililomkaa barabara, alikuwa amekumbatia ramani zake. Alitakiwa ghorofa ya tisa akaeleze jengo la watu litakula saruji kiasi gani. Mara fundi wa lifti akachomoza kichwa kutoka shimoni, amepakaa grisi hadi sikioni.

"Ngazi ni za bure, dada," alisema.

"Viatu hivi sikuvinunua kwa ajili ya ngazi, kaka. Utachukua muda gani?"

"Ukisimama hapo nikakuona, nitachelewa. Ukiondoka nitamaliza upesi, lakini kwa huzuni."

Alisimama. Kikao kikampita, namba ya simu akaondoka nayo.

Tangu siku hiyo Fundi alimwita Bi Makadirio, maana mwanamke huyo hakunywa hata chai bila kupiga hesabu. Mchana alimpigia kumuuliza kama amekula, jioni akampigia kumuuliza alikula nini, na baina ya simu hizo mbili mapenzi yakaota mizizi. Fundi alikuwa mtu wa vicheko, mikono yake ikinukia sabuni ya unga hata Jumapili. Mwaka haujaisha akaomba waoane. Bi Makadirio alikubali kabla swali halijafika mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

Kilichobaki ni pa kuishi, na hapo ndipo mkopo wa chuo ulipoingia mazungumzoni. Ofisi ilikuwa imempa Bi Makadirio bonasi nono baada ya mradi mkubwa, nayo ilitosha kuufuta mkopo wote kabla ya wakati wake. Fundi alisema dawa ya deni ni kulipa, waanze ndoa shingo zikiwa nyepesi. Bi Makadirio alichukua kalamu. Akamwonyesha kwamba riba ni ndogo, makato ya kila mwezi hayaumi, na fedha hiyo ingefaa zaidi kuwa malipo ya kwanza ya nyumba. Fundi, ambaye yeye na hesabu walikosana tangu shule ya msingi, alimbusu kwenye paji la uso akasema basi, mwenye kalamu ameamua.

Lakini katika hesabu ile hakumtaja mdhamini.

Mdhamini alikuwa mchumba wake wa zamani. Alimtangulia chuoni, akaanza kazi mapema, na ndiye aliyeweka saini wakati baba mtu hakuwa na mshahara wa kuionyesha benki. Waliachana bila ugomvi, kila mmoja akifuata kazi mji wake. Bi Makadirio hakuwahi kumweleza Fundi. Alijiambia ni mambo ya makaratasi tu.

Mwezi uliofuata mishahara ilichelewa tena, makato yakachelewa nayo, na benki kama ilivyo desturi yake ikamjulisha mdhamini. Bi Makadirio alikuwa anakaanga vitunguu, simu yake iko mkononi mwa Fundi aliyekuwa akitafuta muziki. Ujumbe ukajitokeza: "Benki wamenishtua, makato hayajaingia. U mzima lakini? Nimepata wasiwasi."

Fundi aliuliza huyu ni nani. Alipojibiwa kwamba ni mchumba wa zamani, mdhamini wa mkopo, aliiweka simu mezani.

"Yaani kila ukichelewa, yeye ndiye wa kwanza kujua?"

"Ni utaratibu wa benki, mpenzi. Sikuutunga mimi."

"Na fedha ya kumtoa humo ulikuwa nayo."

"Nilikuonyesha hesabu."

"Ulinionyesha riba. Huyu hukunionyesha."

Aliondoka vitunguu vikiungua, na simu hakupokea tena. Bi Makadirio alikasirika, akamwita mjinga mwenye wivu, akajitetea mbele ya kioo kama yuko mahakamani. Kisha likamjia jambo alilokuwa akilikwepa. Kila mishahara ilipochelewa, wenzake ofisini waliwahi kuweka fedha benki wenyewe ili wadhamini wao wasisumbuliwe. Yeye hakufanya hivyo hata mara moja. Alijua ujumbe utakwenda, na alijua utaleta simu ya mdhamini.

Aliona aibu hadi masikio yakawaka. Kesho yake alilipa mkopo wote, akampelekea Fundi habari.

Fundi alikuja Jumamosi mchana na shati jeupe lililopigwa pasi, kwapani tikiti maji kubwa.

"Nimekuja kumwona mwanamke asiyedaiwa," alisema. "Nilishaanza kuongea na lifti."

"Zikajibu?"

"Zimeniambia nikuombe msamaha, mpenzi."

Walikuwa bado wamekumbatiana simu ilipolia. Alikuwa mdhamini. Bi Makadirio aliiweka kwenye spika makusudi, ili mpenzi wake asikie mwenyewe kwamba hakuna kitu.

Mdhamini alijaa furaha. Alisema benki imemfungua, sasa anaweza kukopa na yeye. Mkewe anakaribia kujifungua na bado wanabanana chumba kimoja. Kwa muda mrefu alitamani kumwomba Bi Makadirio amalize deni, akaona haya.

"Mungu akubariki, dada yangu," alisema.

Dada. Katika mapenzi yao yote hakuwahi kumwita hivyo.

Bi Makadirio alimwambia hongera, msalimie wifi. Akakata simu, akaingia jikoni, akafungua bomba na kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Fundi alisimama mlangoni.

"Unalilia fedha ya nyumba?"

Alichukua kikombe kile kile akakiosha tena.

"Sema ndiyo, mpenzi. Mimi si mtu wa hesabu, nitakuamini."

Alijua kweli angemwamini. Wangelikata tikiti, wangeoana. Alimpenda mwanamume huyu, na kwa kuwa alimpenda, hakutaka kumdanganya kwa neno lile dogo. Fundi alingoja hadi maji yakafurika sakafuni. Akapita, akafunga bomba, akamfuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Tikiti ni kubwa," alisema. "Usilimalize peke yako, mwite jirani."

Akatoka, mlango akaufunga taratibu. Bi Makadirio hakumwita jirani. Alikaa pale pale penye maji, mwanamke asiyedaiwa na yeyote, akalia hadi akashindwa kujua anamlilia yupi.