Programu ya Bule

Hii habari nilielezwa na Inspekta Ézéchiel mwenyewe, mupangaji wangu kutoka Kasai, Jumapili iliyofuata Pasaka, tukichambua maharage. Nilimurudisha nyuma mara nyingi mpaka nikaelewa.

Asubuhi ya mardi, yaani Jumanne, ordinateri, ile kompyuta ya kazi, ilipotea katika atelier, karakana ya Hippolyte, hapa Bungulu. Pale wanatengeneza visanduku vya kulinda frigo za chanjo: baridi ikipungua, kisanduku kinapiga kelele. Ndani ya kila kisanduku kuna programu, yaani maagizo yanayokiongoza. Maagizo hayo yaliandikwa yote ndani ya ile ordinateri moja.

Inspekta akatazama kufuli. Nzima. Dirisha, nzima. Simu tatu mpya ziko mezani, hazikuguswa.

"Nani iko na ufunguo?"

"Mimi na Bénite tu, fundi wangu." Hippolyte alikuwa anapanguza jasho, na jua lilikuwa bado kuwaka. "Mwezi muzima anasema tupatie batu programu. Programu yangu! Nilivumbua mimi mwenyewe, hata redio ilisema."

Inspekta akaandika neno kwa neno ndani ya PV, karatasi ya maelezo ya polisi. Hippolyte akatia sahihi.

Saa ine, Bénite alikuwa ndani ya cachot, mahabusu ya polisi. Saa tisa, gari ya parquet, ofisi ya mashtaka, ingekuja kuchukua washukiwa. Ukishapanda ile gari, hata inspekta hana nguvu tena. Batu wanakaa jela miezi na miezi kabla karatasi ya kesi yao haijafunguliwa. Inspekta alilijua hilo, na kila mara alitazama saa.

"Uliiba?"

"Hapana, papa inspecteur."

"Lakini ulitaka kutoa programu."

"Si mimi. Ni masharti." Bénite alikuwa ameshika vyuma vya mulango kwa mikono miwili. "Ile programu ni libre. Mwenye aliiandika iko mbali, hatumujue. Alisema: kamateni, badirisheni, hata muuzishe. Lakini jina yangu ibakie. Na mwenye alinunua kisanduku akiomba code, mumupatie, pamoja na yenye mulibadirisha."

"Code ni nini?"

"Maandiko ya programu, yenye fundi anasoma. Ni sawa mama jirani alikupatia mbegu ya maharage. Ukivuna, mwengine akikuomba mbegu, utamukatalia?"

"Mimi ni mutu wa Kasai. Kwetu tunaomba mahindi."

Bénite akacheka kidogo, halafu machozi yakamutoka.

"Nani aliomba hiyo code?"

"Infirmier Syauswa, muuguzi wa Mutwanga. Kisanduku yake inalia ovyo, na barabara ni mbaya. Anataka atengeneze yeye mwenyewe. Barua yake ilifika lundi, Jumatatu. Patron aliisoma, akaitia mufukoni."

Barua lundi, wizi mardi. Inspekta akatafuta moto, yaani pikipiki, akaenda mpaka kituo cha afya kimoja chenye kilinunua kisanduku kama kile. Nadège, fundi wa polisi, akakifungua. Juu ya kioo, jina la Hippolyte. Kwenye karatasi ya maelezo yake, jina la Hippolyte. Nadège akaunganisha waya, akasoma ndani kabisa.

"Chef, huku alisahau kufuta. Kuna jina ya mutu mwengine."

Saa nane na nusu, Hippolyte alikaa mbele ya inspekta.

"Programu ni ya nani?"

"Yangu."

Inspekta akasukuma karatasi yenye Nadège aliandika lile jina. "Na hii jina?"

Hippolyte akaigeuza karatasi chini juu.

"Basi mwizi ni wewe. Uliiba programu ya mutu."

"Mwizi, mimi? Hapana, papa! Ilikuwa ya bule! Nani anaiba kitu ya bule?"

Inspekta akafungua PV, akaweka kidole kwenye sahihi yake. "Asubuhi uliivumbua. Sasa ilikuwa ya bule."

Nje honi ikalia. Dereva wa parquet akaingiza kichwa. "Chef, ule binti apande?"

"Hippolyte, anakuuliza. Apande?"

Hippolyte akajifunika uso.

"Chef, mimi sina siku nzima!"

"Asipande," Hippolyte akasema. "Ordinateri iko Mulekera, kwa depo ya bakwe zangu, ndani ya mufuko ya kakao."

"Sababu?"

"Niliona 'libre', nikasema ni bule. Kitu ya bule haina mwenyewe. Nikafuta jina yake, nikatia yangu. Kisha redio ikaja. Mama yangu akasikia, akachinja mbuzi, akaita batu ya kartie yote. Sasa Syauswa anaomba code! Nikiitoa, bataona. Nikikatala, Bénite ataongea. Nikasema, ikipotea, hakuna mwenye ataniuliza."

"Na Bénite?"

"Sikumuita mwizi. Uliuliza ufunguo, nikajibu. Ningekuja kumutoa kesho."

"Kesho ya wapi? Libre si bule, Hippolyte. Libre ni huru. Na mutu huru iko na jina yake."

Mufuko ulimwagwa, ordinateri ikatoka na vumbi ya kakao. Saa kumi Bénite alifunguliwa, lakini hakwenda kwao. Aliomba ruhusa, akakaa na ile ordinateri palepale bureau ya polisi, mbele ya inspekta, kwa sababu ilikuwa ushahidi. Alirudisha jina la mwenye programu mahali pote lilipofutwa. Kisha akatuma code Mutwanga.

Syauswa akajibu: "Aksanti, binti. Imefunguka."

Inspekta alikuwa anamalizia PV. "Ile jina ya mwenye programu, inaandikwa namna gani?"

Akauliza tena, akainua macho. Bénite alikuwa amelala, shavu juu ya meza, kiatu kimoja kimemutoka.