Gurudumu la Nyuma Kulia

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi magari asiyeamini hata ndoto zake. Shemeji yake alimletea gari kuukuu ambalo gurudumu lake la nyuma kulia lilikuwa likiteleza ghafla kwenye lami kavu, kisha likitulia siku kadhaa kama halijafanya kitu.

"Umebadilisha tairi, umebadilisha beringi, bado!" shemeji akafoka. "Dada yangu ameolewa na fundi au na mpiga porojo?"

Fundi akameza hasira kama shubiri. Akalipandisha gari kwa jeki, akazima injini, akatia ufunguo mfukoni, akajilaza chini yake. Mara umeme ukakatika, na karakana ile isiyo na dirisha ikawa giza totoro. Ndipo akasikia gurudumu likizunguka polepole juu ya kichwa chake. Shwaa. Shwaa.

"Shemeji, acha kulichezea!"

"Nani analichezea?" Sauti ilitoka mbali, nje getini. "Usinitafutie kisingizio!"

Fundi akanyoosha mkono kulisimamisha. Kiganja chake hakikugusa mpira. Kilitua juu ya vidole vya mtu, vya baridi, vikilisukuma tairi. Gurudumu likanyamaza, na vidole vile vikaanza kumpanda mkono taratibu.