Magunia ya Nyumba ya Tende

Yaqoub alikutwa amelala kifudifudi baina ya magunia ya ghala la Nyumba ya Tende, mkono mmoja ndani ya mfereji ambao zamani ulipitisha asali ya tende. Povu lilikuwa limemkaukia mdomoni. Juu ya paa, watalii aliowaleta walikuwa bado wanaipiga picha ngome ya Nizwa, huko Omani, wakimngojea kiongozi wao awashushe kula.

Inspekta Wadhah alichuchumaa kando ya maiti. Alipotaka kuinuka aliegemea gunia moja, nalo likamkimbia, nusura amwangukie marehemu. Gunia la tende haliendi namna hiyo kwa kusukumwa na kiganja. Aliliona jambo hilo, kisha akalisahau, maana Sajini Nadhir alikuwa keshafika mlangoni.

"Alikunywa chai ya tangawizi, afandi," alisema kwa Kiarabu. "Na msichana aliyempa amekiri."

Msichana huyo alikuwa Shurooq, mwenye miaka kumi na tisa. Bibi yake, Bi Tamima, ndiye aliyewapikia watalii nyama ya shuwa, harisi na mchuzi wa papa katika nyumba ile kongwe, na Shurooq alikuwa akimsaidia kupakua. Mwenye nyumba, Bwana Mahrous, alikaa kizingitini akivuta tasbihi. Hakuna aliyelia isipokuwa Shurooq.

Asubuhi ya pili mkemia wa polisi alileta jibu: dawa ya panya, ile ile iliyokuwa katika chupa isiyo na karatasi juu ya kabati la jikoni.

Wadhah alimwita Mahrous kituoni, kwa kuwa msichana alidai ndiye aliyemtuma.

"Ulimtuma nini msichana?"

"Nilimtuma azitie tende dawa. Panya wamezidi mle ghalani."

"Ulisema kwa Kiarabu?"

"Kwa Kiswahili. Bibi yake anataka ajifunze, nami humsaidia. Kosa langu ndilo hilo, Inspekta."

"Nikumbushe maneno yako hasa."

"Zitilie dawa, ilo juu ya kabati. Basi. Kwa Kiarabu dawa ni ya mgonjwa tu. Kwetu sisi dawa ya mgonjwa, dawa ya panya, dawa ya viatu, zote dawa. Naye ameshika chai ya Yaqoub, Yaqoub anakohoa. Akadhani..." Akafuta macho.

Wadhah alimwamini, na kumwamini kulimuuma. Hakuna aliyerudi Omani kutoka Afrika asiye na kisa cha namna hiyo. Dada yake mwenyewe, mwaka waliohamia kutoka Tabora, aliingia duka la dawa akauliza dawa ya viatu, wakamcheka mpaka akatoka mbio. Huyu wa leo hakuchekwa. Huyu ameua bila kukusudia, na sheria ina kifungo chake kwa hilo.

"Gari la Maskati linamchukua baada ya Alasiri," alisema Nadhir. "Mkubwa anataka jalada lifungwe."

Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Alitoka nje, akamkuta Bi Tamima kwenye benchi, buibui limemjaa vumbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu hali kitu. Anaosha mikono tu, tangu jana. Ananambia, 'Bibi, mkono yangu chafu.' Mimi nimwambie nini?"

"Nitazungumza naye," alisema Wadhah, akashika njia. Hatua chache tu akasimama. Mkono yangu chafu. Msichana haelewi ngeli hata kidogo. Na wao, tangu jana, walikuwa wakimhoji kwa Kiarabu.

Ndani ya seli, Shurooq alikuwa ameinama juu ya beseni, vidole vimemsinyaa kwa maji.

"Mwanangu, Bwana Mahrous alikwambia nini?"

"Alisema nitie dawa," alijibu kwa Kiarabu.

"Hapana. Kwa Kiswahili, kama alivyosema yeye. Usitengeneze kitu."

Alifumba macho kama mtoto anayesoma sura ya Kurani chuoni. "'Mtilie dawa, ilo juu ya kabati.'"

"Sema tena."

"'Mtilie dawa.' Mimi nimefahamu dawa tu. Yaqoub kikohozi yake mingi. Mimi nafikiri nzuri." Akaanza kulia. "Mimi ameua mtu."

Wadhah alilirudia neno hilo moyoni. *Mtilie.* Tende haziambiwi mtilie. Anayetiliwa hivyo ni mtu.

Uani, dereva wa gari la Maskati alikuwa ameshawasha injini.

"Mwambie dereva asimchukue msichana mpaka nirudi," Wadhah alimwambia Nadhir. "Hata mkubwa akimwamuru. Kisha nifuate Nyumba ya Tende."

Walimkuta Mahrous ghalani anafagia. Wadhah hakumwamkia.

"Shurooq anasema ulimwambia mtilie."

Fagio lilisimama kidogo, likaendelea. "Mtoto yule hajui ngeli, Inspekta. Mbuzi yake, tende wangu. M au zi, kwake yote mamoja. Utamfunga mtu kwa herufi moja?"

Jawabu lilikuwa zuri, na mahakamani lingekuwa zuri zaidi. Sauti ya mwadhini wa Alasiri ilianza kusikika kutoka msikiti wa sokoni.

"Kweli, hajui," Wadhah alisema polepole. "Angetunga mwenyewe, angesema tia dawa yeye. Lakini ametamka mtilie, na akaongeza ilo, kama wanavyosema wazee wa Unguja. Maneno hayo si yake. Ameyabeba kama alivyopewa, na aliyempa anajua kusema."

"Anakisia huyo."

"Haya, nioneshe tende ulizotaka zitiliwe."

Sasa ndipo Wadhah alipolikumbuka lile gunia lililomkimbia. Alitoa kisu, akalipasua. Yakamwagika makuti makavu. Akapasua la pili, makuti. La tatu, makuti. Yote yalikuwa pambo la kuwaoneshea watalii. Ghalani hamkuwa na hata kokwa.

"Panya wa hapa wanakula nini, Bwana Mahrous?"

Mahrous aliliacha fagio likaanguka. Akakaa juu ya makuti.

"Yaqoub alikuwa rafiki yangu," alisema. "Nilimhadithia mwenyewe, kwenye kahawa, vipi baba yangu alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne ndani ya gunia la karafuu. Siku ya pili akawahadithia watalii. Wakacheka. Halafu akaleta gunia tupu, wanaingia mmoja mmoja, wanapigwa picha. Hapa hapa. Kila siku mimi napakua wali na huku nawasikia wanacheka."

"Hukumwambia aache?"

"Nilimwambia. Akasema wageni wanapenda."

"Watu huchekwa, bwana. Hawaui."

Mahrous alitazama mikono yake. "Ndani ya gunia lile baba alinikumbatia mimi. Nilikuwa na miaka mitano. Halikutuenea watatu. Dada yangu Asya alibaki nje." Akameza mate. "Na hilo nalo Yaqoub nilimwambia."

Nadhir hakufahamu Kiswahili, lakini alivua kofia yake. Wadhah alimhurumia yule mtu, huruma ya kweli, na kwa sababu hiyo hasira ikamzidi.

"Na Shurooq?" aliuliza. "Gunia lako safari hii lilienea mmoja tu, siyo?"

Mahrous aliinamisha kichwa, akanyoosha mikono afungwe.

Dereva wa Maskati alikuwa ananung'unika walipofika kituoni. Gari likaondoka na Mahrous. Wadhah alifungua mlango wa seli mwenyewe, akamweleza msichana kwa Kiarabu, taratibu, kwamba aliyekusudia amekiri, na kwamba yeye alitumwa tu na hakujua. Shurooq alisikiliza mpaka mwisho, akainua mikono yake iliyosinyaa.

"Lakini mimi ndiye nimempa, bibi," alimwambia Bi Tamima aliyekuwa mlangoni. "Kwa hii. Mkono yangu."

"Mkono wangu," alisema Bi Tamima, akaushika, akamtoa nje.